Dar es Salaam: kura ya mwenyekiti, kura ya diwani, na meya asiyepigiwa kura

Asubuhi ya tarehe 27 Novemba 2024, ukutani kwa ofisi ya serikali ya mtaa wetu upande wa Temeke, kulikuwa na karatasi zilizobandikwa kwa gundi. Majina yaliandikwa kwa peni, mengine yameanza kufifia kwa umande. Jirani yangu, mama muuza vitumbua, alikuwa mbele yangu akipitisha kidole mstari kwa mstari. Mkono wa pili alishika bahasha ya kaki, na ndani yake kadi ya mpiga kura ambayo huitunza pamoja na hati ya kiwanja. Jina lake halikuwepo. Kijana wa mlangoni akamwambia kwa upole, "Shikamoo mama. Hiyo kadi ni ya uchaguzi mkuu. Huu wa leo una orodha yake, watu waliandikishwa Oktoba." Mama akanigeukia. "Sasa mwanangu, kura si kura tu?"

Nilikosa jibu fupi la kumpa pale mlangoni, na tangu siku ile nimekuwa nikilitafuta. Jiji hili, lenye mkoa wa watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, halina uchaguzi mmoja wa serikali za mitaa. Una vipande, kila kipande kina mwenye kukisimamia na siku yake, na cha mwisho hufanyika ukumbini, wananchi wakiwa nje. Ukitaka kujua kwa nini mambo yamekaa hivi, lazima urudi nyuma sana. Lakini tuanze na hali ilivyo leo, maana hapa ndipo wengi tunapopotea.

Nani anachaguliwa wapi

Wa kwanza ni mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati yake. Hawa ndio ambao magazeti na redio humaanisha wakisema "uchaguzi wa serikali za mitaa". Hufanyika mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu: 1999, 2004, 2009, 2014, 2019, 2024. Msimamizi wake ni TAMISEMI, yaani wizara ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ile ambayo kwa miaka imekuwa ikihamishwa kati ya Ofisi ya Rais na Ofisi ya Waziri Mkuu. Wapiga kura wake huandikishwa upya kwenye mtaa wanaoishi. Kwa uchaguzi wa 2024 uandikishaji ulianza tarehe 11 Oktoba na kufungwa tarehe 20, siku kumi tu. Aliyekuwa msibani Mtwara siku hizo, au aliyedhani kadi yake inatosha kama mama jirani, alikosa.

Wa pili ni diwani wa kata. Huyu, ingawa ndiye mwenye kiti kwenye baraza linalopanga bajeti ya halmashauri, hachaguliwi kwenye "uchaguzi wa serikali za mitaa". Anachaguliwa Oktoba ya mwaka unaofuata, siku moja na Rais na mbunge, chini ya Tume ya Uchaguzi, kwa daftari la kudumu na kadi ile ya mama. Ukitazama picha nyingi za kampeni kwenye nguzo za umeme, sura ya diwani huwa ndogo, chini kabisa, chini ya mgombea urais na ubunge. Nadhani ndiyo sababu watu wengi wazima, waliosoma, hawalijui jina la diwani wao. Kura yake humezwa na kelele za kura nyingine mbili.

Wa tatu ni meya. Huyu hatumpigii kura kabisa. Madiwani wakishaapishwa hukaa na kumchagua mmoja wao awe meya kwa miaka mitano, na naibu meya ambaye hupigiwa kura kila mwaka. Wanaopiga kura hiyo si madiwani wa kata peke yao. Wamo madiwani wanawake wa viti maalum, ambao vyama huwapata kwa mgawo na ambao kwa sheria ni theluthi nzima, na wamo wabunge wa eneo hilo. Hapo kwenye orodha ya nani ni mjumbe halali ndipo ugomvi huzaliwa, kama tutakavyoona.

Kuna wawili zaidi ambao watu huwachanganya na hawa. Mjumbe wa nyumba kumi, au balozi, ni kiongozi wa chama, urithi wa enzi ya TANU. Si kiongozi wa serikali, hata kama mtaani kwenu bado ndiye anayeitwa kwanza panapotokea wizi. Na mtendaji wa mtaa au wa kata ni mwajiriwa anayelipwa mshahara. Hachaguliwi na mtu. Ukienda kuchukua barua ya kufungulia akaunti benki au ya kumdhamini ndugu polisi, unaweza kukuta mwenyekiti aliyechaguliwa na mtendaji aliyeajiriwa wameketi meza moja, na muhuri uko katikati yao.

Diwani kabla ya kura

Neno diwani lenyewe lina umri mkubwa kuliko mji. Zamani, kwenye vijiji na miji ya Mrima, kuanzia Pangani na Bagamoyo kushuka chini, madiwani walikuwa wakuu wa wenyeji. Hawakupigiwa kura. Walikuwa watu wa ukoo, wenye ada zao na kilemba chao. Mzizima, kijiji kilichokuwapo kabla Sultani Majid bin Said wa Zanzibar hajaanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860, kilikuwa katika dunia hiyo. Lugha ililihifadhi neno likangojea miaka mia, kisha likamvisha mtu mwingine kabisa: anayebandika picha yake kwenye nguzo kuomba kura.

Wajerumani waliuhamishia mji makao makuu yao mwaka 1891, wakitoka Bagamoyo. Waingereza wakauchukua 1916. Mwaka 1920 ikaja sheria ya miji midogo, na mji ukasimamiwa na maofisa. Waligawa makazi kwa rangi, na majina ya mgawo huo yamebaki vinywani mwetu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Aliyekaa Kariakoo hakuwa na njia ya kusema taka zizolewe lini au bomba lipite wapi. Mwaka 1949 Dar ikapewa hadhi ya manispaa, ikawa na baraza na meya, lakini waliokaa humo waliteuliwa. Ndani ya baraza rangi zilipimwa kwa mizani ambayo haikuwa na uhusiano wowote na idadi ya watu mitaani.

Ni miaka hiyohiyo, tukumbuke, wafanyakazi wa bandarini walikuwa wakigoma. Mgomo wa 1947 ulianzia gatini ukasambaa nchini. Wa 1950 uliishia kwenye ghasia. Kuli aliyebeba magunia ya mkonge alikuwa na nguvu ya kusimamisha meli, lakini hakuwa na kura ya kumweka mtu mmoja kwenye baraza la mji alimolala.

Mshairi kwenye kiti cha meya

Mlango ulifunguka mwishoni kabisa mwa ukoloni, TANU ilipokuwa imeshinda kila uwanja mwingine. Mwaka 1960 Dar es Salaam ikapata meya wa kwanza Mwafrika, Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji. Alikuwa mwanachuoni wa dini na mshairi, na kabla ya siasa alikuwa amekwisha kuandika kitabu cha kanuni za kutunga mashairi, akaambatisha diwani ya tungo zake mwenyewe. Kwa Kiswahili, basi, meya yule alikuwa na diwani mbili mkononi, ya mashairi na ya baraza. Sidhani kuna mji mwingine ulioanza hivyo. Watu wengi wanalijua jina lake kwa uwanja wa mpira wa Arusha, bila kujua kwamba aliwahi kuongoza mji wa bandari. Baadaye alikuwa Waziri wa Sheria, akafariki 1964 akiwa na miaka arobaini tu.

Desemba 1961, nchi ilipopata uhuru, manispaa ikawa jiji. Kwa miaka michache wakazi walikuwa na baraza lililokuwa lao. Chama kimoja kilipowekwa kisheria 1965, mgombea alipitia TANU au hakugombea, lakini angalau baraza lilikuwepo, na mtu mwenye shida ya mtaro alijua amfuate nani.

Baraza linapoyeyuka

Julai 1972 ikaja Madaraka Mikoani. Jina linaahidi madaraka kushuka. Kilichoshuka ni maofisa wa serikali kuu waliotumwa mikoani na wilayani, wakachukua nafasi ya mabaraza yaliyochaguliwa. Mpango huo ulichorwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani, McKinsey. Halmashauri za wilaya zilifutwa kwanza, za miji zikafuata, na ilipofika 1974 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam haikuwepo. Mahali pake zikawekwa wilaya tatu, Kinondoni, Ilala na Temeke, ambazo mpaka leo ndizo mifupa ya ramani yetu.

Fedha na wataalamu walielekezwa vijijini, na nia yake naielewa. Lakini mji hauwezi kungoja. Taka zilirundikana, mitaro ikaziba, mabomba yakapasuka na hakukuwa na baraza la kuulizwa. Kipindupindu kilipolipuka nchini 1977, kiliwakuta watu wa mijini wakiishi juu ya maji machafu. Mwaka 1978 Bunge likapitisha sheria ya muda ya kurudisha halmashauri za miji. Sheria kamili za serikali za mitaa zikaja 1982, uchaguzi wa madiwani ukafanyika 1983, na mwaka 1984 mabaraza yakaanza kazi. Katiba nayo ikaongezewa ibara ya 145 na 146. Ya 146 inasema: "Madhumuni ya kuwapo Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi." Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika mahojiano ya miaka hiyo ya 1980, alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa ni jambo ambalo asingelirudia kama angeanza upya. Kiongozi kusema hivyo akiwa bado madarakani ni jambo la kuheshimiwa sana, na naliandika hapa kwa sababu waliokuja baada yake wangefaa kulisikia.

Oktoba 1994, miaka miwili baada ya vyama vingi kurudi, madiwani walichaguliwa kwa mara ya kwanza vyama vikishindana, na CCM ikatwaa sehemu kubwa mno ya viti. Baraza la Dar lililotokana na kura hiyo halikumaliza muda wake. Mwaka 1996 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alilivunja, na jiji likakabidhiwa tume iliyoongozwa na Charles Keenja.

Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu watu wazima wa Dar hulikumbuka jina la Keenja kwa tabasamu. Tume ilizoa taka kwa kuwapa kazi wakandarasi binafsi, ikabomoa vibanda vilivyoziba barabara, ikaanzisha ushuru wa maegesho katikati ya mji. Mji ulipumua. Mwaka 2000 Keenja alisimama Ubungo, akachaguliwa kuwa mbunge. Lakini kwa miaka minne mamilioni ya watu walitawaliwa na ofisi ambayo hawakuwa na njia ya kuiondoa, na waliobomolewa vibanda hawakuwa na diwani wa kumlilia. Usafi ule ungeweza kuletwa na baraza lililosimamiwa vizuri. Tuliambiwa tuchague kati ya kura na ufagio, na tukazoea kuamini kwamba haviwezi kukaa nyumba moja.

Tume ilipoondoka mwaka 2000, Dar ilirudishiwa mabaraza, ila kwa umbo jipya: manispaa tatu, na juu yake Halmashauri ya Jiji. Jiji hili halikuwa na kata zake. Wajumbe wake walitoka kwenye manispaa. Mwananchi alimchagua diwani, diwani akamchagua meya wa manispaa, kisha watu waliotumwa na manispaa wakamchagua meya wa Jiji. Ukihesabu hatua, sauti ya mpiga kura ilikuwa imepita vyumba vitatu kabla ya kukifikia kiti kikubwa. Mwaka huohuo uchaguzi wa madiwani uliunganishwa na uchaguzi mkuu, wa mitaa ukabaki peke yake mwaka wa kabla. Fundo lililomrudisha nyumbani mama jirani lilifungwa hapo.

Karimjee, 2016

Kwa miaka kumi na mitano hakuna aliyejali sana hesabu hizo, kwa kuwa chama kilikuwa kimoja kila ngazi. Oktoba 2015 zikawa na maana ghafla. Vyama vya UKAWA, muungano wa upinzani uliokuwa na CHADEMA ndani yake, vilipata madiwani wengi Kinondoni na Ilala, vikachukua umeya wa manispaa hizo. Kiti cha meya wa Jiji kikabaki. Kikao cha kumchagua kikaitishwa, kikaahirishwa, kikaitishwa tena. Kila mara hoja ilikuwa ileile: nani ni mjumbe halali? Mbunge wa viti maalum anahesabiwa wapi? Watu waliosimama juani nje ya Ukumbi wa Karimjee hawakuwa wakibishana sera ya maji wala barabara. Walikuwa wanabishana orodha ya majina.

Tarehe 22 Machi 2016 kura ikapigwa, na Isaya Mwita wa CHADEMA akashinda kwa kura 84 dhidi ya 67. Miezi mitano jiji lilikuwa halina meya. Januari 2020 aliondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani, katika kikao ambacho yeye mwenyewe alipinga uhalali wake.

Halafu, tarehe 24 Februari 2021, Rais John Magufuli akaivunja Halmashauri ya Jiji. Hoja yake ilikuwa kwamba Jiji lile halikuwa na eneo lake, na kwamba fedha zilikuwa zikienda kwenye posho za vikao. Hoja ya eneo ilikuwa ya kweli. Manispaa ya Ilala ikapandishwa ikawa ndiyo Jiji la Dar es Salaam. Kinondoni, Temeke, na mbili zilizozaliwa 2016, Ubungo na Kigamboni, zikabaki manispaa. Ndiyo maana "Meya wa Jiji la Dar es Salaam" anayesikika redioni leo si meya wa mtu wa Mbagala, wala wa Tegeta, wala wa Mbezi. Ni wa Ilala. Na hakuna tena baraza hata moja linalokaa kwa niaba ya Dar nzima.

Hivyo basi 1974, 1996, 2021. Mara tatu baraza la jiji limeondolewa katika umri wa mtu mmoja, na hakuna hata mara moja ambayo mpiga kura aliulizwa.

Msimamizi na wanaosimamiwa

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye karatasi ya kura. Msimamizi wa uchaguzi kwenye halmashauri kwa kawaida amekuwa mkurugenzi wake, ambaye ni mteule wa Rais. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema utaratibu huo unakwenda kinyume na Katiba. Oktoba ileile Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Mwezi uliofuata ukafanyika uchaguzi wa mitaa ambao wagombea wengi wa upinzani walikuwa wameenguliwa kwenye fomu, vyama vyao vikasusa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Mwaka 2024 vyama vilishiriki, malalamiko ya kuenguliwa yakarudi, na matokeo yakawa karibu yaleyale.

Sheria mpya ya Tume ya 2024 iliutaja uchaguzi wa mitaa kama kazi ya Tume, lakini kwa sharti kwamba Bunge litunge kwanza sheria ya kuweka utaratibu. Haikuwa imetungwa, kwa hiyo Novemba ile TAMISEMI ikaendelea. Mimi naona kiini cha ugonjwa kiko hapa: wizara inayozisimamia serikali za mitaa kila siku ndiyo inayoandika kanuni za uchaguzi wake, na watumishi wake ndio wanaopokea fomu.

Bandari isiyo ya mji

Tumezoea kuiita Dar mji wa bandari, lakini madiwani wake hawana kauli juu ya bandari. Ni ya Mamlaka ya Bandari, chombo cha serikali kuu. Makubaliano yaliyohusu DP World, yaliyoitikisa nchi mwaka 2023, yalipelekwa bungeni Juni ile. Hayakuhitaji idhini ya baraza lolote la madiwani. Kinachoifikia halmashauri ni malori yaliyoegeshwa mpaka kwenye vichochoro vya Kurasini, vumbi, barabara zilizochimbika, na ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya makampuni. Hata kodi ya majengo, iliyokuwa nguzo ya mapato ya miji, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato, TRA, mwaka 2016, na tangu 2021 tunakatwa tunaponunua umeme wa LUKU. Diwani anakuja kuomba kura akiahidi barabara ambayo fedha yake inakusanywa na mwingine.

Ukipanda pantoni Magogoni unaliona lote kwa dakika chache. Nyuma yako ni Jiji, mbele ni Manispaa ya Kigamboni, na kulia winchi za Kurasini ziko Temeke. Meli ya makontena hupita katikati ya halmashauri mbili ikashushia mzigo kwenye ya tatu, na hakuna hata moja iliyoiita.

Jioni ya siku ile ya Novemba nilipita kwa mama jirani. Alikuwa analoweka mchele wa vitumbua vya kesho. Nilimweleza kadiri nilivyoweza, naye akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na huyo meya, nampigia lini?" Nilipomjibu alikaa kimya kidogo, akainuka, akaleta ile bahasha ya kaki na peni. Akataka nimwandikie juu yake, kwa herufi kubwa, azione bila miwani. Nikaandika: MTAA – ORODHA YAKE, SIKU KUMI, OKTOBA 2029. DIWANI – KADI HII. MEYA – HATUPIGI. Akaisoma kwa sauti, akaipuliza wino ukauke, akairudisha chini ya hati ya kiwanja.